Kastadi Isiyo na Yai: Uchambuzi wa Stauti ya Kitindamlo

Bia iitwayo Crème Brûlée, inayopikwa na kiwanda cha Southern Tier huko Lakewood, jimbo la New York, haina yai wala krimu. Kitindamlo cha Kifaransa ilichokopa jina lake ni kastadi nzito yenye tabaka la sukari iliyounguzwa juu, na ukiinusa glasi ya bia hii vyote vinakujia kwa pamoja: vanila, maziwa, sukari iliyokaribia kuungua. Ni stauti nyeusi tii yenye kileo cha karibu asilimia 10, maradufu ya bia ya kawaida. Vilivyoingia tangini ni kimea cha shayiri, hopsi, hamira, sukari ya maziwa na vanila. Kila kimoja kina kazi yake, na kazi hizo zinastahili kufuatiliwa.

Tuanze na utamu. Anayejua kutengeneza togwa anajua nusu ya habari hii. Uji ukitiwa kimea cha ulezi hulegea na kuwa mtamu bila sukari, kwa sababu vimeng'enya vya kimea hukata wanga ukawa sukari. Mpika bia hufanya vivyo hivyo kwa kimea cha shayiri katika maji ya nyuzi 65 hivi. Lakini hamira inakuja nyuma na kuila sukari hiyo, ikitoa kileo na gesi, na utamu mwingi unaondoka nayo. Hapo ndipo laktosi, yaani sukari ya maziwa, inapohitajika. Hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuivunja, hivyo inaiacha ilivyo, na kiasi kilichotiwa ndicho utakachokinywa. Mbinu hii ni ya zamani: Mackeson wa Hythe, katika kaunti ya Kent, Uingereza, walitoa stauti yao ya maziwa mwaka 1907. Laktosi yenyewe haifikii hata nusu ya utamu wa sukari ya miwa. Inachotoa zaidi ni uzito. Bia inatulia ulimini, inateremka taratibu, na kinywa kinahisi krimu ambayo haipo. Mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa ajihadhari, maana laktosi hii ni ile ile.

Ladha ya sukari iliyoungua imetoka kwenye kimea. Kimea cha karameli hupashwa moto punje zikiwa bado zina unyevu. Wanga unageuka sukari ndani ya ganda, kisha joto likipandishwa sukari hiyo inakauka, inakuwa kahawia na kuwa ngumu. Tafuna punje moja: inavunjika kwa mlio na kuacha ladha inayokaribia sukari guru. Sehemu ya sukari hizo hamira haiziwezi, nazo zinabaki kuongeza utamu. Weusi ni habari nyingine. Mwaka 1817 Daniel Wheeler wa Uingereza alipata hataza ya mtambo wa pipa linalozungushwa juu ya moto, na tangu hapo wapika bia wakaweza kukaanga kimea kikawa cheusi kabisa bila kukiteketeza. Kimea cha namna hiyo hukaangwa kwa zaidi ya nyuzi 200, na kiasi kidogo tu hutosha kutia tangi zima rangi, na kuleta kahawa, chokoleti chungu na kamkaa kwa mbali. Hayo ndiyo yanayoikumbusha pua ukingo wa kitindamlo ulioshika moto kupita kiasi.

Hata hivyo, anayeongoza hapa ni vanila. Ganda la vanila likiwa bichi halinukii. Wakulima wa Mukono na Kayunga nchini Uganda wanalijua vizuri. Harufu hujitokeza likishatumbukizwa kwenye maji ya moto, likafunikwa litoe jasho, kisha likaanikwa kwa majuma, vanilini ikiachana na sukari iliyoshikamana nayo. Vanilini huyeyuka vyema zaidi katika kileo kuliko katika maji matupu, kwa hiyo bia yenye nguvu inaitoa kwa urahisi.

Sasa fanya jaribio. Bana pua, piga funda, liache mdomoni. Utakutana na utamu wa kadiri, uchungu wa kimea na joto la kileo, basi. Achia pua. Kastadi inajaa mdomoni ghafla na utamu unapanda, ingawa hakuna hata chembe ya sukari iliyoongezeka. Vanila tumeizoea ndani ya keki, aiskrimu na biskuti, na ubongo ukiinusa unaongeza utamu wenyewe. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha ufundi wa bia hii: sehemu kubwa ya kitindamlo imejengwa puani.

Na kwa sababu hiyo nadhani laktosi imezidi. Pua ilikwisha kuifanya kazi, kisha kinywa kikaongezewa mzigo. Mafunda matatu ya kwanza ni raha tupu. Kufikia katikati ya glasi uchungu wa hopsi na wa kimea umeelemewa, na hakuna kinachosafisha ulimi kabla ya funda linalofuata. Stauti kali inahitaji uchungu wa kuushika utamu wake, hasa inapobaki nzito baada ya kuchachuka. Ningeinywa kwenye glasi ndogo, tukigawana chupa moja watu watatu au wanne, ikiwa na nyuzi 10 hadi 13. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji, baridi inafunika vanila, na ulimi unabaki na utamu usio na harufu.

Waliokwenda mbali zaidi kwa njia hii ya kujenga kitindamlo puani ni Omnipollo wa Stockholm na Buxton wa Derbyshire, Uingereza, kwa stauti yao Yellow Belly yenye kileo cha asilimia 11. Inatangazwa kuwa ni ya biskuti za siagi ya karanga, na ndani yake hakuna biskuti, siagi wala karanga. Msingi wake unaeleweka: karanga na shayiri vikikaangwa vyote hutoa pirazini, kundi lile lile la harufu, hivyo kimea kimeshafika nusu ya njia kabla mpishi hajaongeza lolote. Kuziacha karanga kuna faida nyingine pia. Mafuta yake huua povu, na yakikaa chupani hugeuka na kutoa uvundo.