Ufundi wa Stendi Kubwa

Fundi pikipiki hahitaji muda mrefu kumpima kijana aliyekuja kujifunza kazi. Humwambia tu: "Piga stendi kubwa." Kijana hukamata keria kwa mikono miwili, hukaza shingo, huvuta juu. Pikipiki hutikisika, kisha hurudi ilipokuwa. Ndipo huja fundi mwenyewe, pengine mwembamba kuliko yeye, hukanyaga mara moja, na tairi la nyuma likaning'inia hewani.

Boxer na TVS za bodaboda zina kilo 100 na ushei. Hakuna awezaye kuzinyanyua kwa mikono kutwa nzima mgongo ukabaki salama. Kinachozipandisha ni mguu, na juu ya mguu huo uzito wote wa mwili.

Kwanza pikipiki husimamishwa wima kabisa. Mkono wa kushoto hushika usukani, wa kulia hushika keria au chuma cha pembeni mwa siti, na mguu wa kulia huishusha stendi mpaka iguse ardhi. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ndipo wengi wanapofanya haraka. Stendi ina nyayo mbili. Pikipiki ikiegemea upande wako hata kidogo, hugusa unyayo mmoja tu, na nguvu zote unazotoa huishia kuiyumbisha. Mjuzi huitikisa taratibu, kushoto na kulia, akisikiliza kwa soli ya kiatu: tk, kisha tk ya pili. Nyayo zote mbili zikishakaa, hunyoosha goti na kusimama juu ya kikanyagio cha stendi kama mtu apandaye ngazi. Mkono wa kulia huwa na kazi ya kuiongoza tu pikipiki, nyuma na juu.

Sababu imo katika umbo la chuma chenyewe. Nyayo zinapogusa chini, miguu ya stendi bado imelala kuelekea nyuma. Pikipiki inaporudi nyuma hupanda tao dogo, hufika kileleni, kisha hushuka kidogo upande wa pili na kutulia. Kwa hiyo haianguki yenyewe. Lakini ikisukumwa mbele, stendi hujikunja. Anayeiegesha ikitazama mteremko ameitega. Na kwa pikipiki nzito, kipande cha ubao chini ya tairi la nyuma hupunguza urefu wa kupanda. Ni hila halali kabisa, wala si ya wanyonge.

Wajapani wameupa ujuzi huu heshima unayostahili. Katika shule zao za udereva, mwanafunzi wa pikipiki hufundishwa mapema kuinua pikipiki iliyolala, kuisukuma kwa miguu na kuipandisha stendi kubwa. Kwa miaka mingi shule nyingi zilitumia Honda CB400 Super Four, yenye karibu kilo 200, na wanafunzi wa kila umbo waliipandisha.

Gerejini, stendi kubwa ndiyo meza ya kazi. Tairi likiwa hewani, fundi hulizungusha polepole na kupima cheni mahali kadhaa, kwa maana cheni iliyochakaa hulegea hapa ikakaza pale. Rimu iliyopinda hujitangaza. Oili nayo husomeka sawasawa, kwani pikipiki iliyoegemea stendi ndogo hudanganya kipimo. Hata mpakiaji wa kreti za soda hupandisha stendi kwanza, mzigo baadaye; akikosea mpangilio huo, atahitaji watu wawili.

Yangeanzia hapa mafunzo ya bodaboda, ingekuwa heri kubwa. Injini imezimwa, funguo ziko mfukoni, na miguuni viatu vyenye soli ngumu badala ya kandambili. Mwanafunzi apandishe kwenye sakafu, kisha kwenye mchanga, ambako atagundua kwamba nyayo za stendi huzama na kwamba jiwe bapa lina thamani. Kushusha nako kufundishwe: stendi ndogo ifunguliwe kwanza, ili pikipiki ikiyumba ipate pa kuegemea, isukumwe mbele kwa upole, na vidole viwe tayari juu ya breki ya mbele, kabla tairi la nyuma halijagusa chini.