Hakuulizwa: Tukisoma Habari za Henrietta Lacks

Wapo wasomaji watakaojiuliza kwa nini kitabu cha mwandishi wa habari za sayansi kutoka Marekani kijadiliwe katika mkusanyo wa makala za imani. Tulikisoma kwa mara ya kwanza tukiwa chuo cha theolojia, katika somo la maadili, na tangu hapo hakijatuacha. Kinaitwa The Immortal Life of Henrietta Lacks, kimeandikwa na Rebecca Skloot, na kilitoka mwaka 2010.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1951, Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi na mama wa watoto watano, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya kuanza kumtibu, daktari alikata vinyama viwili vidogo, kimoja kwenye uvimbe na kingine mahali palipokuwa pazima, vikapelekwa kwenye maabara ya Dk. George Gey. Henrietta hakuulizwa. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo alifariki, akiwa na umri wa miaka 31.

Seli za uvimbe ule hazikufa. Ziliendelea kuongezeka ndani ya chupa za maabara, jambo ambalo Gey alikuwa amelitafuta kwa miaka mingi. Zikaitwa HeLa, kwa herufi za mwanzo za majina ya mama huyo, zikasambazwa duniani. Zilitumika kuipima chanjo ya polio. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Harald zur Hausen walikuta ndani yake virusi vinavyosababisha saratani hiyohiyo iliyomuua Henrietta, na ugunduzi wao ukasaidia kufungua njia ya chanjo. Tangu mwaka 2018 chanjo hiyo inatolewa nchini kote Tanzania. Mabinti wetu wa darasa la kipaimara wamechanjwa. Kwa hiyo hatusomi habari za watu wa mbali. Tumekula matunda ya mti huu.

Familia yake haikujua lolote hadi mwaka 1973. Watafiti walipokwenda kuwatoa damu watoto wake, binti yake Deborah alidhani anapimwa kama naye ana saratani ya mama yake. Alisubiri majibu kwa hofu. Hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa.

Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba hakiwageuzi madaktari kuwa mashetani. Gey hakutajirika kwa seli zile. Aliwagawia watafiti wenzake bure. Sheria ya wakati ule haikumdai aombe ruhusa. Naye alipougua saratani alitaka seli zake mwenyewe zichukuliwe kwa utafiti. Yeye alipata nafasi ya kutoa kilicho chake. Henrietta hakuipata. Kwetu Wakristo hapo ndipo habari inapochoma, maana hatuwezi kumnyoshea kidole mwovu fulani na kulala usingizi. Watu wenye nia njema, wakifanya kazi njema, walimchukua mtu kama kitu.

Wengine husema, mbona matunda ni mema? Yusufu aliwajibu ndugu zake swali hilo mwishoni mwa kitabu cha Mwanzo: wao walikusudia mabaya, Mungu akayageuza kuwa mema. Lakini wema wa Mungu haukuwafanya ndugu zake kuwa wamefanya vyema kumuuza. Tushukuru kwa chanjo, tuwapeleke mabinti wetu wachanjwe, na bado tuseme kwamba kosa lilikuwa kosa.

Tuna mashaka mawili na kitabu hiki. La kwanza ni jina lake, linalompa Henrietta uzima usiokufa. Ndugu mmoja wa familia, Gary, anampa Skloot asome Injili ya Yohana kuhusu ufufuo, na maneno ya Paulo kuhusu mwili wa mbinguni katika 1 Wakorintho 15. Familia inaamini kwamba seli zile ndizo mwili wa kiroho wa mama yao. Skloot, asiyelelewa katika dini, anawasikiliza kwa heshima, na tunampongeza. Lakini Kanisa halifundishi hivyo. Seli inayogawanyika ndani ya chupa si ufufuo. Tunamngoja Bwana amwite Henrietta mwenyewe kwa jina lake. Hata hivyo tusiwacheke: wataalamu walipowanyima maelezo, walijieleza kwa Maandiko waliyokuwa nayo mkononi.

La pili ni zito zaidi. Skloot anasimulia mwisho wa Elsie, dada yake Deborah, aliyekuwa na ulemavu na kufia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1955, akiwa na miaka 15. Tunasoma hata yaliyoandikwa baada ya mwili wake kuchunguzwa. Deborah alitaka sana kujua yaliyompata dada yake. Lakini Elsie hakuulizwa, wala hakuweza kuulizwa. Kitabu kinacholaumu kuchukua bila kuuliza, nacho kimechukua kidogo. Hatumhukumu mwandishi, kwa sababu sisi wenyewe tumefanya hivyo.

Miaka michache iliyopita, wakati wa matangazo ya Jumapili, tuliuomba usharika umwombee mama mmoja, tukautaja na ugonjwa wake. Nia yetu ilikuwa upendo. Baada ya hapo hakuonekana ibadani kwa miezi mitatu. Tulipomtembelea alituwekea chai, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, nilikuambia wewe. Wao sikuwaambia. Mwanangu ameisikia habari hii kwa wenzake shuleni." Hatukuwa na la kujibu ila kuomba radhi. Alitusamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther hatuachii amri ya tano iishie kwenye kutokuua. Anatutaka tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie. Amri ya nane nayo inalinda jina lake. Mwili na jina la mgonjwa vimo mikononi mwa Mungu kabla havijawa mikononi mwa daktari, mtafiti au mchungaji.

Mwangalie Yesu. Kwenye birika la Bethzatha alimuuliza mgonjwa wa miaka 38 kama anataka kuwa mzima. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya wote, hata hivyo Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini. Mtu atasema, mbona yule mwanamke aliyetokwa damu alimwita mbele ya umati? Ndiyo, alimwita. Lakini tusome vizuri Marko 5: Yesu hakuutaja ugonjwa wake. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyesema kweli yote.

Basi, wapendwa, tuanzie nyumbani. Kabla ya kumtaja mgonjwa kwenye jumuiya au kwenye kikundi cha WhatsApp, tumuulize: tukuombee kwa jina? Tuseme nini, na nini tusiseme? Tukipeleka msaada, tusimpige picha aliyelala kitandani kama hajakubali. Nasi tukienda kutibiwa na tukaletewa fomu ya ridhaa, tusiweke sahihi kwa haya. Kumuuliza daktari damu hii ni ya nini si kumkosea heshima. Wauguzi, madaktari na watafiti walio washarika wetu nao wajibu kwa Kiswahili ambacho bibi kizee atakielewa.

Tuliporudi kwa yule mama mara ya pili, tulimuuliza kwanza kama anataka tuombe. Alisema anataka, lakini mlango ufungwe. Tuliufunga.