Mtoto Afunguliwe Kanga

Mfuko wa mama anayekwenda kuzaa hapa Kigoma, awe anatoka Ujiji kwa bajaji au Kagunga kwa boti, haukosi kanga. Moja ya kutandika, moja ya kumfutia mtoto, na moja mpya iliyofichwa chini kabisa, ya kumviringishia atakapoonyeshwa kwa bibi yake. Ugomvi wangu ni na hiyo ya tatu. Uzuri wake siubishii. Shida ni kwamba mara nyingi hufungwa ndani ya ile saa ambayo mtoto alitakiwa awe wazi kifuani kwa mama yake.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 tangu azaliwe. Tumeusikia ushauri huo kliniki mpaka umekuwa kama wimbo, lakini ni nadra mtu kueleza kazi yenyewe inafanywaje.

Inafanywa hivi. Mtoto akitoka, anakaushwa na kulazwa uchi kifuani kwa mama, tumbo kwa tumbo, kofia kichwani, kanga kavu ikiwafunika wote wawili. Hofu ya baridi ina msingi, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi, ila kifua cha mama kinampa joto la kumtosha. Kama wote wawili ni wazima, mizani inaweza kusubiri. Adhana pia inasomeka mtoto akiwa palepale.

Kisha watu watulie. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Righard na Alade wa Sweden kuhusu watoto 72. Wengi wa walioachwa juu ya mama bila kusumbuliwa walijisogeza wenyewe mpaka kwenye titi na kunyonya sawasawa baada ya dakika 50 hivi. Walioondolewa mapema ili wapimwe na kuvalishwa walifanya vibaya zaidi. Dakika 20 za mwanzo mtoto anaweza kuonekana kama hana haja na titi, na ndipo watu huanza kusema amechoka, mleteni hapa tumfunge.

Jambo la pili ni kushika titi. Mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Kichwa na mwili wake viwe kwenye mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Mama asubiri mdomo upanuke kama wa anayepiga mwayo, ndipo amlete mtoto kwenye titi, kidevu kikitangulia. Asiinamie yeye, mgongo utamuuma usiku kucha. Tena kisogo kisisukumwe, maana mtoto akisukumwa kisogo hurudisha kichwa nyuma. Akishika vizuri, mdomo wa chini unabinuka kwa nje, kidevu kinagusa titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yakiendelea, mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto ili aachie, kisha waanze upya. Kuvumilia huku ameuma meno ndiko kunakozaa chuchu zenye vidonda.

Mama aliyefanyiwa upasuaji ana kazi ngumu zaidi. Kama ni ganzi ya mgongoni, yuko macho na anaweza kuwekewa mtoto kifuani mapema. Lakini mkono mmoja una dripu, mshono unauma, na kujigeuza ni kazi. Alale ubavu, au mtoto apitishwe kwapani, miguu ikielekea nyuma mbali na kidonda. Peke yake hawezi.

Hapo ndipo Kigoma ina la kusema. Kuanzia 2016 hadi 2018, mradi wa shirika la Thamini Uhai ulijaribu katika vituo vya serikali vya mkoa huu kumpa mama msindikizaji wa kukaa naye wakati anajifungua. Lengo lilikuwa uzazi wenyewe. Kwa maoni yangu, mtu huyohuyo ndiye anayefaa kubaki saa inayofuata, kwa sababu nesi ana kitanda kingine kinachomwita. Msindikizaji hahitaji cheti ili aweke mto chini ya kiwiko cha mama.

Usiku wa pili ndio mtihani. Mtoto analia kila mara, matiti bado laini, na bibi anatamka: "Mwanangu, maziwa hayajashuka, tumpe maji ya sukari kidogo." Bibi hasemi uongo. Maziwa mengi hushuka siku ya pili au ya tatu, baada ya kondo kutoka na homoni zake kupungua. Kilichopo sasa ni dang'a, ya njano na nzito, matone machache kila mara, na tumbo la mtoto linatosheka nayo. Kule kunyonya mara kwa mara ndiko kunakoyaita maziwa, na kikombe cha maji ya sukari kinamnyima mtoto njaa ya kuyaita.

Bibi basi apewe kazi. Anawe mikono, ashike kijiko kisafi huku mama akikamua: kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi, asukume kuelekea kifuani kisha abane. Dang'a inayotoka anyweshwe mtoto. Na bibi ahesabu nepi: angalau moja yenye mkojo siku ya kwanza, mbili siku ya pili, tatu siku ya tatu. Zikikosekana, au mtoto akilegea na kukataa titi, aitwe mkunga usiku huohuo.