Ratiba ya Harusi Kimara: Uhakiki wa Karatasi Isiyohakikiwa

Jumamosi inapofika, katika makanisa na kumbi za Kimara, jijini Dar es Salaam, wageni wa harusi hukabidhiwa mlangoni karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili au tatu, yenye majina ya maharusi juu ya jalada na mpangilio wa shughuli ndani yake. Huitwa ratiba, wengine huiita programu. Wageni huisoma wakingoja, hujipepea nayo joto linapozidi, na aghalabu huiacha juu ya benchi. Ni nadra mhakiki kuitupia jicho, kwa kuwa si shairi, si hadithi wala si barua. Hata hivyo, hayo ni maandishi ya Kiswahili yaliyotungwa, yakajadiliwa, yakasahihishwa na kulipiwa; na kwa familia nyingi ndiyo maandishi pekee yatakayopigwa chapa kwa jina lao.

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza karatasi hiyo ni ya nini. Nikaha ya msikitini haihitaji ratiba ya kuchapwa. Waliohudhuria wanajua kwamba khutba hutangulia, ijabu na kabuli hufuata, dua husomwa, kisha halua na kahawa. Asiyejua humtazama jirani yake. Upande wa wanawake, somo na kungwi ndio wanaojua lipi litangulie na lipi lisubiri. Ratiba imo vifuani mwa watu. Kimara mambo ni mengine. Mji huu wa kandokando ya barabara ya Morogoro, uliokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya kuundwa Wilaya ya Ubungo, umejaa watu waliotoka kila pembe ya Tanzania. Bwana harusi aweza kuwa na asili ya Kilimanjaro na bi harusi asili ya Kagera au Mtwara, wazee wao wakiwa wamekutana kwa mara ya kwanza siku ya posa. Desturi zao hazifanani, na hakuna mzee mmoja ambaye pande zote mbili zingemwachia usukani. Nafasi hiyo imeshikwa na karatasi. Ratiba ya Kimara, kwa hiyo, si pambo tu. Ni mzee wa karatasi, na yafaa ihukumiwe kama anavyohukumiwa mzee: je, imesema kweli, na imemweka kila mtu mahali pake?

Jambo la kwanza ni majina ya mambo. Neno ratiba limetoka katika Kiarabu, na kiini chake ni kupanga. Ni ndugu wa ratibu, ule uradi wa Imamu al-Haddad usomwao pwani nzima. Ni neno zuri, lenye utulivu, na limepita programu kwa heshima. Ugumu huanza pale jalada linaposema "Harusi" na ndani mkachanganywa mambo mawili. Harusi ni sherehe. Ndoa ni mkataba na agano. Katika ratiba dhaifu, kiapo huwa kipengele cha sita, kukata keki kipengele cha saba na kufungua shampeni cha nane, vyote kwa herufi za ukubwa mmoja, kana kwamba vina uzito mmoja. Ratiba iliyotungwa vyema hutenganisha ibada ya ndoa na tafrija ya ukumbini, ikampa msomaji kurasa mbili zenye sauti mbili. Huo si ubahili wa furaha. Ni kumwambia mgeni wapi anyamaze na wapi apige vigelegele.

Jambo la pili, ambalo ndilo kiini, limo katika kitenzi kimoja. Kiswahili humpa mwandishi wa jalada minyambuliko ya shina moja: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza, na wawili huoana. Kila mnyambuliko unamtaja mtenda wake. Jalada lisemalo kwamba wazazi wanamwoza binti yao limempa mzazi tendo. Lisemalo kwamba binti anaolewa na fulani limempa tendo bwana harusi. Lisemalo kwamba fulani na fulani wanaoana limewagawia wote wawili. Hakuna umbo lililo kosa kisarufi. Kosa huzuka pale umbo linapopingana na tendo lenyewe. Katika nikaha, walii ndiye anayeoza na bwana harusi ndiye anayekubali, baada ya bi harusi kuulizwa idhini yake. Kadi ya Kiislamu inayotumia kuoza inaeleza lililotendeka, ingawa ingetimia zaidi kama ile idhini nayo ingepata neno lake. Kanisani, kila mmoja hula kiapo kwa kinywa chake. Ratiba ambayo jalada lake lasema bi harusi anaolewa, na ukurasa wake wa tatu ukamwonyesha akiapa mwenyewe mbele ya watu, imejikanusha ndani ya karatasi moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hiari haina mtendwa.

Kwa kuukwepa uchaguzi huo, waandikaji wengi hukimbilia "kufunga pingu za maisha". Pingu ni chuma cha mfungwa. Huenda usemi huo ulikuwa utani mzuri wa barazani, lakini kuuchapa kwa herufi za dhahabu hakuuondolei chuma chake. "Kufunga ndoa" ni maneno mawili mafupi, ya kweli, na hayamdhulumu mtu.

Jambo la tatu ndilo lenye machozi ndani yake, nalo ni orodha ya wazazi. Kanuni ya kadi ni "Bwana na Bibi Fulani", jina la baba likiwa limebeba la mama. Katika kanuni hiyo mama hana jina. Yumo ndani ya neno Bibi. Baba anapokuwa amefariki, huandikwa "Marehemu", na hapo kadi hufanya jambo la heshima kubwa, kwa kuwa aliyekufa naye anaalika pamoja na walio hai. Tatizo ni pale baba aliye hai hakulea, na mama, shangazi au bibi mzaa mama akalea peke yake. Kamati huketi na kushauriana, na mara nyingi jina la baba huwekwa juu, kwa hoja kwamba kadi yenye jina moja haipendezi. Hapo mpangilio wa ukurasa umeushinda ukweli, na mwanamke aliyelipa ada na kukesha hospitali anasimama ukumbini akilisikia jina lisilo lake likisomwa na mshereheshaji.

Kiswahili hakikukosa dawa ya hilo. Kina neno mlezi, neno pana lisilo na aibu wala maelezo. Kina pia desturi ya pwani ya kumtaja mwanamke kwa jina lake na la baba yake. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu; ila jina lake halikumezwa na la mumewe, na ni jina la mtunzi ndilo linalotajwa zaidi hadi leo. Ratiba ya Kimara ikiandika "mama yake mzazi na mlezi wake", ikafuatisha jina kamili, haitakuwa imevunja adabu ya mtu. Itakuwa imemlipa anayedai.

Jambo la nne ni sura ya karatasi. Kompyuta za maduka ya uchapaji zimeleta herufi za mwandiko wenye mikia, maua ya pembeni na rangi zinazofuata mavazi ya wapambe. Wino wa fedha juu ya karatasi ya waridi hung'aa mkononi, lakini bibi mwenye umri wa miaka 70 hawezi kuusoma ndani ya ukumbi wenye taa hafifu. Hapa kanga ina la kufundisha. Jina la kanga huchapwa kwa herufi kubwa za wazi, mstari mmoja, ndani ya fremu, nalo husomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Tena kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo pwani inaijua kuwa nguo ya harusi, aghalabu haina jina kabisa. Nguo ya siku kubwa imeachiwa kunyamaza. Mwenye kupanga ratiba angejifunza kutoka hapo kwamba nafasi tupu juu ya karatasi nayo ni usemi.

Jambo la tano ni saa na nafasi ya mgeni. Shughuli za Kimara hugharimiwa na michango. Vikao vya kamati hukaa wiki nyingi, kadi ya mchango huitangulia kadi ya mwaliko, na pembeni mwa mwaliko huandikwa "singo" au "dabo", yaani kadi ya mtu mmoja au ya wawili. Si haki kuulaumu utaratibu huo. Ukumbi una viti vyake na mpishi ana hesabu yake. Yanayostahili lawama ni maneno yanayofuata. Ratiba husema wageni wawasili saa 12:00 jioni, hali kila mjumbe wa kamati anajua kwamba maharusi wataingia saa 3:00 usiku, na kwamba utambulisho wa pande mbili, keki, ndafu na zawadi vitatangulia chakula. Mwenye gari hucheka. Mgeni aliyekuja kwa basi la mwendokasi hadi Kimara Mwisho, na anayepaswa kurudi Mbagala, huondoka na njaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, udanganywe saa.

Hatimaye kuna ukurasa wa nyuma, ambako huwekwa shukrani, na mara nyingi "shairi" la maharusi. Wapenzi wa ushairi wataumia hapa. Maneno hupangwa kwa mistari mifupi, vina hugusana kwa bahati, mizani haihesabiwi. Ratiba za kanisani huongeza utata, kwa kuwa nyimbo huchukuliwa pia katika kitabu kiitwacho Tenzi za Rohoni, na mgeni wa pwani huitafuta mizani minane ya utenzi asiione, maana tenzi hizo hufuata tuni zake za kuimbwa. Si dhambi, neno moja limekaa nyumba mbili. Lakini ukurasa wa nyuma ni nafasi iliyo wazi. Beti mbili za utenzi, vipande vinane tu, zingetosha kuwataja maharusi, wazazi na mji, na mshereheshaji angezisoma kwa sauti bila kujikwaa. Watunzi wapo Dar es Salaam na wapo Unguja na Pemba. Hawajaombwa.

Siku hizi kadi hutumwa kwa simu, na wapo wasemao kwamba karatasi itakwisha. Huenda. Lakini karatasi ina kazi moja ambayo simu iliyoharibika haiwezi kuifanya. Mwaka 2017, nyumba na maduka mengi ya kandokando ya barabara ya Morogoro yalibomolewa ili barabara ya kutoka Kimara hadi Kibaha ipanuliwe. Ratiba za kabla ya hapo, zilizolazwa sandukuni kati ya vitenge na vyeti, bado zinamwelekeza mgeni apite mkabala na duka ambalo leo ni lami. Bila kukusudia, zimekuwa ramani ya mji usiokuwapo.

Na hiyo ndiyo sababu ya kuyachagua maneno yake kwa uangalifu. Keki huliwa usiku ule ule, na wapambe hurudisha nguo za kukodi. Kinachobaki ni jalada lenye kitenzi kimoja na orodha ya majina. Mtoto atakayezaliwa katika ndoa hiyo atalifungua sanduku siku moja, asome nani alimwoa nani, au nani na nani walioana, na nani aliandikwa kuwa alimlea mama yake. Hatakuwa na mzee wa kumuuliza. Ataiamini karatasi.