Mafundi wa Mwendo

Novemba mjini Moshi, mlima hukaa siku tatu au nne nyuma ya mawingu, kisha alasiri moja unajitokeza wote. Muuza ndizi, dereva wa bodaboda na mwalimu anayeshuka kwenye daladala wote hutupa jicho juu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imebadilika. Wiki iliyopita ilikuwa kipara cha kijivu chenye mabaka ya barafu. Leo ni nyeupe, na weupe umeteremka mabegani. Wengi husema mlima umependeza, wakaendelea na shughuli zao. Mpagazi atakayepanda kesho hutazama weupe huo unaishia wapi, akaupima kwa kambi anazozijua. Umefika Barafu? Umeshuka hadi Karanga? Akishapata jibu ndipo anajua kama atakopa soksi za jirani.

Wafasiri wa vitabu vya shule wameliazima neno vuli wakayapa majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika. Kwa watu wa Kilimanjaro vuli ni mvua fupi, kati ya Oktoba na Desemba. Katika misitu ya Machame na Marangu mvua hiyo ni matope yanayovuta buti. Juu ya mita 4,500 hivi, maji yaleyale huanguka yakiwa theluji, ya kwanza ya maana baada ya ukavu wa kusi. Wageni wengi hukwepa miezi hiyo. Anayetaka kujua kazi ya mlimani ni ufundi wa namna gani asikwepe.

Ufundi huo ni wa zamani, na ulianza na watu wa misafara. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa njiani kuelekea Uchagani alipoona kilele kinachong'aa. Aliyemwongoza, Bwana Kheri, aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile, lakini taarifa yake ilikuwa sahihi kuliko ya msomi. Maneno tunayotumia leo yote mawili yalikuja kwa jahazi. Theluji ni ya Waarabu. Barafu tulipewa na Waajemi, ambao kwao neno hilo ni jina la theluji yenyewe, si la maji yaliyoganda. Kitu kilikuwa chetu tangu zamani, majina yakavuka bahari kukifuata.

Miaka 41 baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Vitabu vingi huishia kwenye majina hayo mawili. Yafaa kuongeza la tatu: Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa na Wazungu hao kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, kwa zaidi ya wiki mbili. Wao walipotoka alfajiri kuchonga ngazi kwenye barafu, yeye alibaki peke yake kulinda hema na kuhakikisha moto haufi. Pangani ni mji wa minazi na joto la chumvi. Kumfikiria mtu wa pwani ile ameinama juu ya kuni chache, upepo wa usiku ukipenya kila mshono wa nguo, ni kuona kazi nzima ya mlima kabla haijapata jina wala mshahara wa kueleweka. Mafanikio ya Meyer yalijengwa juu ya mpango wa chakula: kambi ziliwekwa kwa ngazi mlimani, na wapagazi wakapandisha vyakula kutoka chini. Mara yake ya kwanza, 1887, alikuwa amerudishwa na barafu. Marangu bado wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa walioonyesha njia, mzee aliyeishi hadi 1996.

Mpangilio ule haujabadilika sana. Mgeni huamka kambini, hupewa maji ya moto ya kunawa, hunywa chai, huanza kutembea. Nyuma yake hema linang'olewa, vyombo vinafungwa, mizigo inapanda vichwani. Saa moja baadaye wapagazi wanampita kwa salamu, na akifika kambi inayofuata anakuta hema limesimama na maji yamechemka. Wenyewe huitana wagumu. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo, mbali na vitu vya mpagazi mwenyewe, na mizani ipo getini. Lakini mizani haipimi kila kitu. Ngata ikikaa vibaya kichwani, shingo inalipa. Ukivimba kwa maji, mfuko wa hema hauna uzito ule uliopimwa jana, na mpagazi wa vuli hubeba mvua juu ya mzigo.

Maji ni ufundi mwingine ndani ya ufundi. Kwa anayepitia njia ya Machame, mahali pa mwisho pa kuteka ni bonde la Karanga. Kambi ya Barafu, mita 4,673, licha ya jina lake haina hata kijito. Kila kikombe cha chai kinachonywewa pale kimepandishwa kwa kichwa au kwa mgongo kutoka bondeni. Theluji ikianguka wapishi wanaweza kuiyeyusha, ila sufuria iliyojaa theluji laini hutoa maji kidogo ya kusikitisha, na gesi inaisha. Kwenye urefu ule maji huchemka kwa nyuzi 85 hivi, kwa hiyo yanatokota kwa kelele huku mchele ukibaki na kiini kigumu. Mpishi mzuri analijua hilo tangu sokoni. Maharage huchemshwa chini, huko yanakoiva. Juu yanapashwa tu. Huyu mtu anastahili sifa zaidi ya anazopata, maana mgeni anayekosa hamu ya kula siku ya nne hafiki popote siku ya sita.

Kisha yuko mwongoza wageni, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Neno lake ni pole pole, na limezunguka dunia hadi likachapishwa kwenye fulana. Watalii hulichukua kama salamu ya kirafiki. Kwa fundi ni kipimo. Kwenye kilele hewa ina mgandamizo wa karibu nusu ya ule wa pwani, na mwili unahitaji siku, si saa, kujizoesha. Ndiyo sababu njia ya Machame humpandisha mtu hadi Lava Tower, kama mita 4,600, kisha inamshusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mgeni hunung'unika kwamba amepoteza kimo alichokihangaikia. Mwongozaji hamjibu kwa hotuba. Anatembea mbele yake kwa hatua fupi, kisigino karibu kiguse kidole, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza bila kuhema. Akisikia nyuma yake mazungumzo yamekatika, anapunguza tena.

Na anatazama. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni humpa namba ya oksijeni jioni, lakini kabla ya namba ameshaona nani ameacha chakula, nani anajibu swali baada ya kimya kirefu, nani alikuwa mcheshi jana na leo anatazama mawe. Akitilia shaka, humwomba mtu atembee mstari mnyoofu, kisigino kwa kidole. Anayepepesuka anaweza kuwa na ubongo unaovimba, na dawa ya uhakika ya hilo ni kushuka. Mapema.

Safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku. Ziko sababu za kifundi. Changarawe iliyoganda hukaa imara chini ya buti, jua likipanda hulegea na kila hatua mbili hurudisha moja. Ukungu nao hupanda kutoka msituni mchana, hasa vuli. Theluji mpya inaipa hesabu hiyo ukali zaidi. Imefunika zigizaga za njia, ile ambayo miezi ya kusi hata mgeni angeifuata kwa tochi. Mwongozaji wa mbele sasa anaitafuta njia kwa fimbo na kwa kumbukumbu: mwamba ule wenye bega, kona ile ambapo upepo hubadilika. Anapiga ncha ya buti kwenye theluji, mara moja, mara mbili, anaacha kidato. Wa nyuma anaweka mguu palepale. Wenye njumu za kuvalisha juu ya viatu wanazifunga. Kutoka Barafu hadi kilele cha Uhuru ni zaidi ya mita 1,200 za kupanda, na kila kidato cha theluji mtu wa mbele amekitengeneza kwa mguu wake, gizani, ili wengine wapumzike kidogo. Ukiona mstari wa tochi ukipanda taratibu kwenye mteremko mweupe, ujue ule mdundo umewekwa na mtu mmoja anayehesabu pumzi zisizo zake.

Theluji hiyo ina kazi nyingine, kubwa kuliko usumbufu wake. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea kwenye takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Watafiti wa barafu wanaeleza kwamba tatizo mojawapo ni uchache wa theluji. Theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, hivyo tabaka nene la vuli huifunika barafu ya kale kabla ya jua kali la Januari na Februari. Barafu iliyo uchi, yenye vumbi, hunywa jua na kupungua. Mwaka 2000 kundi la Lonnie Thompson lilitoboa barafu hiyo, na tabaka za chini zikakadiriwa kuwa na miaka 11,700 hivi. Waongozaji wa umri mkubwa hawahitaji utoboaji huo kujua kinachotoweka. Wanaonyesha kwa fimbo mahali ambapo ukuta ulisimama walipoanza kazi, na leo ni mchanga. Kwa hiyo vuli nzito inapokuja, mtu yuleyule atakayelowa hadi mifupani huonekana kuifurahia.

Lakini vidole vya wapagazi havilindwi na furaha. Baridi imewahi kuwaua mlimani, na tangu 2003 upo mradi mjini Moshi unaowaazima nguo za baridi bila malipo na kufuatilia jinsi wanavyolipwa na kulishwa. Ufundi usio na buti nzuri ni mateso.

Saa kumi usiku, mahali fulani chini ya Stella Point, mita 5,756, mstari wa tochi husimama. Mgeni mmoja ametapika, jambo la kawaida, kisha ameketi kwenye theluji na kusema hasikii baridi tena, jambo lisilo la kawaida. Amelipa pesa nyingi, ametoka mbali, kilele kiko juu ya kichwa chake. Mwongozaji mkuu anainama, anamwangalia machoni kwa mwanga wa tochi, anamwomba asimame na kutembea. Kisha anazungumza na msaidizi wake kwa Kiswahili, sentensi mbili tu. Msaidizi anamshika mgeni mkono kwapani, anamgeuza kwa upole, na anaanza kushuka akitumia vidato vilevile vilivyopigwa wakati wa kupanda. Juu, mdundo unaanza upya. Kutoka kambini mpishi, ambaye hajalala, anaona taa mbili zimejitenga na mstari na zinashuka. Anawasha jiko.