Kura ya Mwafrika na Kura ya Mwanamke: Uhakiki wa Hoja ya Susan Geiger kwa Kuzingatia Ziwa Magharibi

Susan Geiger, katika kitabu chake TANU Women kilichochapishwa mwaka 1997, alipinga maelezo yaliyozoeleka kwamba wanawake wa Tanganyika waliingizwa katika siasa na wanaume wasomi. Kwa kutumia masimulizi ya maisha ya wanawake wenyewe, akiwamo Bibi Titi Mohamed, anaonesha kwamba wengi wao walikuwa wanawake wa mjini wasio na elimu kubwa ya shule, na kwamba walipojiunga na TANU kuanzia mwaka 1955 walikuwa tayari na umoja uliovuka mipaka ya kabila. Umoja huo ulijengwa katika vikundi vya ngoma, katika ujirani na katika lugha ya Kiswahili. Kwa hiyo wanawake hawakujifunza utaifa, walishiriki kuuumba. Makala haya yanaikubali hoja hiyo. Kinachohojiwa ni jambo moja tu: je, utaifa uliochangiwa na wanawake ulikuwa umeweka wapi kura ya mwanamke?

Swali hili si geni duniani. Nchini Marekani, vuguvugu la kudai kura ya wanawake lilipasuka mwaka 1869 kwa sababu ya mabadiliko ya katiba yaliyolinda kura ya mwanamume Mweusi bila kumtaja mwanamke. Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony waliyapinga, Frederick Douglass, aliyekuwa mtetezi wa kura ya wanawake tangu zamani, aliona kwamba kwa Mtu Mweusi kura ilikuwa suala la uhai. Mwanamke Mweusi alibaki katikati, akiambiwa na kila upande asubiri.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na sura yake ya mgogoro huo. Nchini Kenya, wanawake wa walowezi waliunda jumuiya yao mwaka 1917, na mwaka 1919 wakapata haki ya kupiga kura pamoja na wanaume wa Kizungu. Mwafrika, awe mwanamume au mwanamke, hakuwamo; Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, tena kwa masharti ya elimu, mali na kipato. Hapo kura ya mwanamke ilipatikana kwa kuukubali ubaguzi wa rangi. Huko Zanzibar mambo yalikuwa kinyume: katika uchaguzi wa Julai 1957 waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, na wanawake walisubiri hadi uchaguzi wa Januari 1961.

Tanganyika inasimuliwa mara nyingi kana kwamba iliepuka njia zote mbili. Hata hivyo, mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mjadala wa Tabora unakumbukwa kwa suala la rangi, na ni haki ukumbukwe hivyo. Lakini kulikuwa na masharti mengine: kipato, elimu au wadhifa maalumu. Masharti hayo hayakumtaja mwanamke popote. Yalimwacha nje bila kumtaja. Wasichana waliofikishwa madarasa ya juu walikuwa wachache, na fedha ya mazao ya biashara kwa kawaida ilipita mikononi mwa wanaume.

Hapa ndipo upungufu wa uteuzi wa Geiger unapoonekana. Masimulizi yake yanatoka hasa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, miji iliyokuwa na mikutano, masoko na ngoma. Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo, haimo katika nguzo hizo. Mwanamke wa vijiji vya Biharamulo na Ngara, katika maeneo kama Nyantakara, alilima, alilea na alibeba maji. Kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa kipato mbele ya msajili wa wapigakura. Wanawake waliouza kadi na kuchanga senti waliujenga ushindi wa 1958 na 1959 ambao wengi wao hawakuruhusiwa kuupigia kura.

Yawezekana kujibiwa kwamba subira hiyo ilikuwa ya hiari na ya muda mfupi. Masharti yalilegezwa katika uchaguzi wa Agosti 1960, na Uhuru ukafika Desemba 1961. Jibu hili lina uzito: Bibi Titi na wenzake hawakudanganywa, na kudai kwamba walidanganywa ni kuwanyang'anya tena uwezo ambao Geiger amewarudishia. Lakini subira ya hiari nayo ina gharama, na historia ya Kagera inaionesha. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililotolewa na dola huru, liliendelea kumzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, na ndugu wa ukoo akapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kizuizi hicho kilikiuka haki za binadamu zilizomo katika katiba.

Kwa muda wote huo mwanamke huyo alikuwa mpigakura. Ndiyo maana hoja ya Geiger inahitaji kukamilishwa badala ya kukataliwa. Wanawake waliumba taifa, naam. Lakini taifa hilo lilipopanga foleni ya haki, liliwaweka nyuma ya rangi kwanza, kisha nyuma ya ukoo. Utafiti utakaokusanya masimulizi ya wanawake wa Biharamulo na Ngara kabla wazee hawajatoweka utapima foleni hiyo kwa wale waliosimama mwisho wake.