Saa Tatu Usiku ni Lini? Uhakiki wa Ufundishaji wa Tarehe na Saa katika Masomo ya Awali ya Uprogramu

Masomo ya awali ya uprogramu humfundisha mwanafunzi kwamba tarehe na saa zihifadhiwe kwa muundo mmoja, kisha zioneshwe kwa mpangilio wa lugha na nchi ya mtumiaji. Kanuni hiyo ni sahihi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba masomo hayo huuchukulia mpangilio huo kuwa suala la kutafsiri maneno, ilhali kwa Kiswahili kinachobadilika ni hesabu yenyewe.

Kwa upande wa tarehe, tahadhari zinazotolewa zinatosheleza. Mwanafunzi huelezwa kwamba 05/03/2025 ni tarehe 5 Machi kwa Mtanzania lakini ni tarehe 3 Mei kwa Mmarekani, na kwamba kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huondoa utata huo kwa kuandika 2025-03-05. Vilevile, huonywa kwamba JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, hivyo Machi ni 2.

Upungufu unajitokeza katika saa. Programu nyingi hutegemea CLDR, hazina ya Unicode inayobeba majina ya miezi, siku na vipindi vya siku kwa lugha mbalimbali. Katika hazina hiyo, kipindi cha usiku kwa Kiswahili huanza 19:00 hadi 04:00. Programu ikiandika 21:00 kwa mfumo wa saa 12 pamoja na jina la kipindi, itatoa 9:00 usiku. Msomaji wa Kiswahili atasoma saa tisa usiku, yaani 03:00. Kinyume chake, 03:00 itaandikwa 3:00 usiku, naye ataielewa kuwa 21:00. Saa hizo mbili hubadilishana nafasi bila dalili yoyote ya kosa, kwa kuwa zote ni saa halali za usiku. Laiti ingeandikwa 1:00 mchana, msomaji angeshtuka, kwani saa moja mchana haipo. Abiria anayearifiwa kwamba basi litaondoka 9:00 usiku hana sababu ya kushtuka. Atafika stendi akiwa amechelewa kwa muda wa saa 6.

Suluhisho linaloweza kumjia mwanafunzi haraka ni kupunguza saa 6 kutoka katika wakati uliohifadhiwa. Suluhisho hilo ni potofu. Saa 02:00 ya tarehe 5 Machi itageuka kuwa 20:00 ya tarehe 4 Machi, na kumbukumbu nzima itaharibika. Aidha, saa za Kiswahili si ukanda wa saa. Tanzania na Kenya hutumia UTC+3, ilhali Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia UTC+2. Kwa hiyo, wakati uachwe ulivyo, na tarakimu ya saa ibadilishwe pale tu inapooneshwa: (saa + 6) % 12, na jibu likiwa 0 iandikwe 12. Zoezi hili dogo lina faida ya ziada. Mwanafunzi akitumia (saa - 6) % 12, Python itampa jibu sahihi, lakini JavaScript itampa namba hasi kwa saa zote kabla ya 06:00. Hapo atajifunza tofauti halisi baina ya lugha hizo mbili kwa mfano anaoufahamu tangu utotoni.

Huenda ikadaiwa kwamba mfumo wa saa 24 unatosha, kwa kuwa wasemaji wengi husoma 21:00 kwenye simu na kutamka saa tatu bila taabu. Dai hilo lina ukweli, lakini linaithibitisha hoja yetu. Maandishi 21:00 hayampotoshi mtu. Kinachopotosha ni tafsiri nusu, yaani neno la Kiswahili lililowekwa kando ya hesabu ya Kiingereza. Hivyo basi, mwalimu wa uprogramu ampe mwanafunzi njia mbili tu: aandike 21:00 bila neno la kipindi, au aandike saa 3:00 usiku kwa maana yake kamili. Fomu inayompokea mtumiaji nayo ifuate utaratibu huohuo, kwa sababu saa iliyoingizwa kimakosa haiwezi kusahihishwa na umbizo lolote la kuioneshea.